Kabebwa, mugeni wa juu, na batu bote benye balimubeba

Bapetits ba gazeti, siku nilifunga kazi mulinipa fanta, keki, na saa ya ukutani yenye haitembee, mukaniambia: «Papa Déo, sasa pumzika.» Nimepumzika. Nimechoka kupumzika. Bibi yangu njo amechoka zaidi, juu kila asubui ananikuta mu njia yake kama kiti yenye batu balisahau kurudisha kwa jirani. Jana aliniambia: «Si uandike kintu?» Nikajua iyo si shauri, ni kufukuzwa kwa heshima. Basi nimetoka inje, nimekaa ku kivuli ya nyumba, niko naandika.

Sitaandika juu ya mushahara, juu mutalia ao mutacheka, na byote mbili inaniletea kikoozi. Juu ya cheo pia hakuna ya kusema. Nilifunga kazi ku kiti ileile nilianza nayo. Tulibadilisha tu muguu moja ya kiti.

Nataka kuandika juu ya Kabebwa, ule mugeni wa kuchorwa mu gazeti yetu. Munaulizaka kila mara: nyuma ya miaka yote ile, juu ya nini Kabebwa alitoka ku mugongo ya Mama Vumilia? Bengine kati yenu banasema tulichoka naye. Hapana. Alitoka juu Safari, mutoto wa mwisho wa Mama Vumilia, alikuwa karibu kukosa bibi. Lakini musikie kwanza namna Kabebwa alizaliwa. Hata mugeni wa juu iko na kwabo, na kwabo yeye ni hapa Sake, pembeni ya soko.

Nilifika ku atelier nikiwa kijana mwenye aliachana na masomo. Nasema tuliachana, kama batu ba heshima: masomo haikunitukana, na miye sikuitukana, kila mumoja alishika njia yake katikati ya deuxième secondaire. Atelier ilikuwa chumba moja. Shirika ya balimaji njo ilikuwa inatengenezea pale gazeti ya karatasi ine, ya kufundisha batu ba milima namna ya kulima birai, bile biazi byetu bya Masisi, na namna ya kuosha ngombe juu ya kupe.

Mwenye kazi alikuwa Papa Sylvestre. Alikuwa chef, alikuwa mufundi, na asubui alikuwa mufagiaji. Hakuniuliza diplôme, na miye sikumulazimisha. Aliniuliza:

«Unajua kuchora?»

«Ndiyo, Papa.»

«Chora ngombe.»

Nikachora. Akaangalia. Akageuza karatasi juu chini, akaangalia tena.

«Hii ni mbwa?»

«Ni ngombe, Papa.»

«Bon. Ni ngombe yenye iliteseka. Vua biatu, uanze.»

Biatu ilikuwa sheria ya kwanza. Majivu ya volkano yenye iko mu njia ya Sake, ikiingia ndani ya mashini, inakwangua kila kintu. Tulifanya kazi miguu mitupu, na mugeni akiingia na biatu, Papa Sylvestre alikuwa anaangalia miguu yake mpaka mugeni mwenyewe anasikia haya.

Nyinyi munachora na kidole ku kioo, mukikosea munagusa na inarudi nyuma. Siye tulikuwa na stensili. Ni karatasi yenye iko na nta, unaichora na kalamu ya chuma, nta inatoka, na pale nta imetoka njo wino inapita. Halafu unaifunga ku ronéo, ile mashini ya kuchapa, unazungusha mukono, karatasi inatoka moja-moja. Ukikosea, unafunika na dawa yenye inanuka kama vernis, ile rangi ya makucha. Dawa ikiisha, tulitumia vernis yenyewe. Mu ile miaka vernis ya bibi yangu ilikuwa inapotea sana nyumbani, na alikuwa anashitaki jirani.

Stensili iko na hatari moja, na Papa Sylvestre aliniambia siku ya kwanza, siku ya pili, na siku ya tatu: usifunge duara na nguvu. Ukifunga duara na nguvu, kipande ya katikati inaanguka, na wino inapita yote. Badala ya «o» unapata tundu nyeusi. Nilisikia muzuri sana. Niliitika «ndiyo Papa» mara zote tatu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora mama mwenye anabeba birai, juu ya somo ya kutunza mbegu. Kuchora sura nilikuwa sijue, lakini mbele ya mulango yetu kulikuwa Mama Vumilia. Alikuwa bado kijana, na mutoto mu tumbo. Alikuwa anabebea batu mifuko ya birai toka Karuba mpaka ku soko ya Sake, mukamba ku kichwa, mufuko ku mugongo, na alikuwa anapumzikia ku ngazi yetu. Nikamuomba ruhusa ya kuchora sura yake.

«Utanichora na mufuko?» akauliza.

«Ndiyo, Mama.»

«Basi unichore na meno yote. Nisionekane nachoka.»

Nikamuchora na meno yote, hata kuzidi. Na mufuko ku mugongo nikaufanya muzuri, wa duara. Nikafunga duara na nguvu.

Tulianza kuzungusha mashini. Karatasi ya kwanza ikatoka: Mama Vumilia anacheka na meno yote, na ku mugongo yake kintu nyeusi, kubwa, ya duara, yenye haina jina. Papa Sylvestre hakuangalia, alikuwa anazungusha na anaimba. Wakati aliangalia, karatasi yote ilikuwa imeisha, na ingine ingetoka Goma wakati Mungu angependa. Nikangoja anifukuze. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta biatu yangu.

Papa Sylvestre akakaa. Akashika karatasi moja, akaiweka mbali, akaileta karibu.

«Karatasi haitupwake,» akasema. «Hii kintu, tuipatie macho.»

Tuliketi na nyembe, siye babili, tukakwangua macho mbili nyeupe mu wino ya kila karatasi. Ni juu ya ile Kabebwa wa kwanza hakukuwa na macho ya kufanana: mu gazeti moja anashangaa, mu ingine analala, mu ingine anakuangalia kama mutu wa taxe. Na chini Papa Sylvestre akaandika na mukono yake: «Huyu ni mugeni, ametoka juu. Hajue kintu ya hapa. Anauliza: Mama, mbegu unatunza wapi?»

Nyuma ya siku kidogo, balimaji ba Karuba balishuka ku soko. Juu ya mbegu hakuna mwenye aliuliza. Bote balisimama ku mulango: «Ule mugeni anakula nini?» «Alianguka mu shamba ya nani? Aliharibu?» «Alisalimia mbele ya kupanda ku mugongo ya mutu, ao alipanda tu?» Papa Sylvestre alijibu kila mutu na uso ya kazi, kama mutu mwenye aliona yote na macho yake. Jioni akaniambia: «Déo, umetuletea shida. Sasa itabidi tujue ile mambo.»

Njo namna tulikaa tukamutengenezea Kabebwa maisha. Ni Kabebwa, yaani anabebwa, juu kule anatoka hakuna chini, na miguu yake haikufundishwa kukanyaga. Mwenye anamubeba anapata nguvu ya batu batatu, lakini ni lazima ajibu maulizo yote, na Kabebwa anauliza kutoka asubui. Iyo ilikuwa akili ya Papa Sylvestre: mugeni anauliza namna ya kuzuia mildiou, ule ugonjwa ya majani ya birai, Mama anajibu, na mulimaji anasoma akifikiri anacheka tu.

Na sheria kubwa kuliko zote: Kabebwa haruke mwenyewe toka mutu kwenda mutu. Mwenye kumubeba anasema «Nakupatia», na mwenye kupokea anasema «Nakubali», mbele ya bashuhuda. Papa Sylvestre alisema: «Hapa kwetu hata ngombe haihamake kimya-kimya. Unapatia rafiki ngombe mbele ya batu, unamwambia tabia yake, na yeye anakubali mbele ya batu. Bila ile, ni bwizi.»

Ile sheria ilitupiga mapema. Mama Vumilia wa karatasi alibeba Kabebwa mwaka muzima, na siye tukafikiri anastahili kupumzika. Tukapeleka Kabebwa ku mugongo ya ngombe moja ya Karuba. Sasa ngombe itasema «nakubali» namna gani? Papa Sylvestre akasema iitikise kichwa, na miye nikaichora inaitikisa kichwa, kwa mara ya kwanza ngombe yangu ilifanana na ngombe. Muchungaji mumoja wa Karuba alishuka na miguu mpaka Sake, fimbo mu mukono, hasira mu macho.

«Nani alichora hii?»

Papa Sylvestre akanionyesha mbio sana.

«Petit, uliisha chunga ngombe?»

«Hapana, Papa.»

«Ngombe inatikisaka kichwa juu ya nzi! Iyo si kukubali! Mumepatia mugeni mutu mwenye hakukubali!»

Mu gazeti ya kufuata, Kabebwa alirudi kwa Mama Vumilia, na ngombe ikaomba ruhusa ikaenda kwa majani.

Nyuma njo batu ba Walikale balilalamika. Gazeti ilikuwa inafika kule juu ya moto, ile pikipiki, ndani ya mufuko ya chumvi, na balituma habari kwamba Kabebwa anaishi tu na batu ba birai, na bo bapakasi ba pori benye banabeba mizigo siku nzima mu matope, hawana mugongo? Walisema haki. Tukamuweka ku mugongo ya mupakasi mumoja wa Walikale, sura niliitoa tu mu kichwa yangu. Iyo ilikuwa kosa ya namna ingine. Bapakasi batano balisema ni sura yabo, na babili kati yabo balipigana ku soko, kila mumoja anasema Kabebwa ni wake. Tukamurudisha kwa Mama Vumilia juu ya amani.

Akabakia pale. Miaka ikapita. Kulikuwa na miaka ya kukimbia vita, munaijua, sitairudilia. Nitasema tu kwamba ronéo tuliizika chini ya mihogo mara nyingi kuliko batu bengi banazikaka mihogo yenyewe, na tukiizikua, gazeti ilikuwa inanuka udongo miezi kazaa. Papa Sylvestre alikufa mu kitanda yake, muzee, ameshiba, batoto bake pembeni. Hapa kwetu kufa namna ile ni diplôme, na yeye aliipata na distinction. Aliniachia kalamu ya chuma na ufagio.

Halafu nyinyi mukakuja, na ordinateri, ile kompyuta. Mulinifundisha na uvumilivu mingi. Najua mulikuwa munacheka inje, dirisha haikuwa na kioo. Kabebwa akaingia mu telefone za batu. Akapata rangi. Macho yake sasa inafanana, na miye nilichukua mwaka kuzoea.

Mama Vumilia naye alizeeka. Bwana yake alifariki, batoto bakakomaa, akaacha kubeba, akafungua meza ya birai ku soko. Lakini mu karatasi alikuwa anapanda tu mulima ya Mushaki, mugeni ku mugongo. Batoto benye balisoma gazeti ya kwanza sasa balikuwa bababa na bamama. Ku milima mingi, batu benye hawajamuona hata siku moja balikuwa banamujua: ni ule mama mwenye anabeba kintu.

Sasa tumefika kwa Safari.

Safari, ule mutoto mwenye alikuwa mu tumbo siku ya duara, hapana, nafanya hesabu mubaya, ule alikuwa kaka yake. Safari alikuja nyuma kabisa, wakati mama alifikiri ameisha maliza. Kijana wa muzuri, anatengenezaka moto. Alipendana na musichana wa Burungu, jina Espérance, na bazee ba Safari bakapanda kumuomba kwabo. Musemaji wabo alikuwa Papa Gervais, ndugu mudogo wa marehemu baba yake, mwenye anapenda sana kusema mbele ya batu. Balibeba bidon ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, juu kwetu haubishi mulango ya bakwe mikono mitupu.

Bidon ilirudi Sake imejaa.

Munajua maana yake. Batu hawakusema hapana. Hawakutukana. Hawakukunywa tu. Balisema: «Kijana ni muzuri. Lakini mama yake, tunasikia, anabebaka kintu. Hatuwezi kupeleka mutoto mu nyumba yenye iko na mugeni mwenye hatujue.»

Mama Vumilia alikuja ku atelier asubui yake. Munakumbuka, mulikuwa pale, mulijificha nyuma ya ma-écran ya ordinateri. Hakupiga kelele. Aliketi ku ngazi yake ya zamani.

«Déo.» Hakusema Papa Déo. «Miaka yote ulinichora na meno yote. Sasa nimebakiza tano. Nilisema kintu?»

«Hapana, Mama.»

«Ulinipandisha Mushaki hata siku za mvua. Nilisema kintu?»

«Hapana.»

«Mutoto wangu hakule toka jana. Toa huyu mutu ku mugongo yangu.»

«Lakini Mama, ni wino.»

«Najua ni wino. Nilikuwa pale wakati inamwangika. Uende uambie Burungu ni wino.»

Mumoja wenu, sitaandika jina yake, anajijua, na ananunuliaka bibi yangu sukari, alisema: «Papa, si tunafuta tu?» Na mukafuta. Dakika kidogo. Mukatuma mu telefone picha ya Mama Vumilia, mugongo safi, anacheka. Tulifurahi. Tulitafuna hata karanga.

Jibu ya Burungu ilifika mbele ya karanga kuisha: «Tumeona. Sasa ule mugeni ameenda wapi? Nani alimupokea? Kama hakuna mwenye alikubali, iko anatembea tu? Ao iko ku mugongo ya kijana?»

Bapetits, hapa njo nilijua Papa Sylvestre alifanya kazi ya muzuri kuzidi. Batu balishika sheria ile kuliko siye benye tuliitunga. Mama akiwa na mugeni ilikuwa shida. Mugeni mwenye amefutwa ilikuwa shida kubwa zaidi. Ngombe yenye imepotea inaogopesha kuliko ngombe yenye iko kwa jirani. Safari mwenyewe alianza kuvaa jaketi siku ya jua, kufunika mugongo.

Burungu bakaita: mama akuje, kijana akuje, na muchoraji akuje na wino yake.

Tukapanda na moto mbili, Safari ku ya kwanza, Mama Vumilia mbele yangu ku ya pili, Papa Gervais nyuma na kravati, bidon ya kasiksi ileile imefungwa na kamba. Nilibeba karatasi kubwa na chupa ya wino. Ordinateri niliacha. Wakwe bangetaka kuona mukono.

Kwabo Espérance walitutandikia mikeka na biti mbele ya nyumba. Baba yake, Papa Bauma, mulimaji mwenye mabega kama mulango, alitusalimia muzuri. Pembeni yake koko, mama ya Papa Bauma, kadogo, amefungwa mu kitenge mpaka macho. Musemaji wabo alikuwa mwalimu wa primaire, mutu wa kusema polepole sana.

«Siye bote hapa tumesoma,» akaanza. «Hakuna hata mumoja anaamini ile kintu.»

«Hata siye,» Papa Gervais akasema mbio.

«Muzuri. Ni picha tu.»

«Ni picha tu!»

«Na kama haiko, kumutoa iko na shida gani?»

Papa Gervais akafungua kinywa, akaifunga. Mu maisha yangu ile njo mara moja tu nilimuona anafunga kinywa bila mutu kumuomba.

«Hakuna shida,» akasema.

«Basi mama amupatiane hapa, mbele yetu bote. Nani anamupokea?»

Kuku walipita. Kuku wengine walirudi.

Papa Gervais akashika kiuno. «Miye ningemupokea, lakini dokta alinikataza kubeba.»

«Si ni picha tu?» Papa Bauma akasema.

«Hata picha. Alikataza kabisa.»

Baba mudogo wa Espérance akasema yeye ni mukristo wa kanisa ya kwaya, na mu kwaya banavaa nguo moja, itaonekana. Mwalimu akasema yeye ni musemaji, hawezi kuwa pande mbili. Kila mutu hakuamini, na kila mutu alikuwa na mugongo ya mugonjwa. Safari njo akasimama.

«Nitamupokea miye.»

«Weye?» Papa Bauma akaruka. «Binti yangu aolewe na batu babili?»

Batu bakacheka, na mu kicheko ile sauti ya Espérance ikatoka nyuma ya mulango: «Basi nitamupokea miye!» Tulisikia kofi ya shangazi na «nyamaza!» Lakini Safari alikuwa ameisha kutabasamu, na nikaona Papa Bauma ameona.

Njo nikaangalia Mama Vumilia. Alikuwa ameketi mugongo sawa, mikono ku magoti, kama mutu mwenye anangoja mutu amuinue mufuko. Nikasimama. Magoti yangu ikalia kama ronéo.

«Miye nitamupokea.»

«Weye muchoraji?» mwalimu akasema. «Uko na mugongo?»

«Iko moja. Haijafanya kazi sana, iko mupya.»

«Bibi yako anakubali?»

«Bibi yangu amezoea kubeba miye. Mumoja zaidi hatasikia.»

Papa Bauma akafikiri, akaitikisa kichwa, na hapakuwa na nzi. «Basi mama aseme. Na aseme tabia yake yote, kama ni ngombe. Tusidanganyane.»

Mama Vumilia akasimama. Nilifikiri atasema neno mbili, twende kwa kasiksi. Halafu akasema, si kwangu, alisema kwa batu bote:

«Anauliza sana. Hata kintu yenye umeisha kumujibu, anauliza. Asubui ni muzito kuliko jioni. Hasikie baridi.» Akapangusa uso na kipande ya kitenge. «Wakati bwana yangu alikufa, batoto balikuwa badogo, nilipanda Mushaki na mifuko mbili. Sikukuwa naye. Nilijua siko naye, sina bichaa. Lakini ku kona ya juu, pale miguu inakataa, nilikuwa namujibu maulizo. Mama, hii ni jiwe? Ndiyo, ni jiwe. Mama, tumefika? Bado. Nikimujibu, napanda. Hakunifanyia mubaya hata siku moja. Sipatiane yeye juu nimechoka naye. Napatiana juu ya mutoto wangu.»

Papa Bauma alikuwa anaangalia chini.

«Nakupatia, Papa Déo,» Mama Vumilia akasema.

Neno ya kumujibu niliiandika mu biputo bya maneno mara nyingi sana, na wino, na nyembe, na ordinateri. Siku ile niliisema na kinywa mara ya kwanza.

«Nakubali,» nikasema.

Nikatandika karatasi chini, nikachora. Kuchora mbele ya batu makumi inafanana na kunyolewa mbele ya soko: kila mutu iko na shauri. «Tumbo yako ni kubwa kuliko iyo.» «Pua pia.» «Mama Vumilia umuweke huku, mugongo wazi, aonekane vizuri.» Nikamuchora Mama na meno tano, akasema asante. Nikajichora miye, nimepinda kidogo, na nyuma yangu duara. Niliifunga na nguvu. Macho mbili niliacha nyeupe, moja kubwa, moja ndogo, kama zamani. Koko alikuja karibu, akaangalia kwanza karatasi, nyuma akazunguka akaangalia mugongo yangu miye mwenyewe, akarudi ku kiti yake.

Papa Bauma akaita bikombe. Bidon ikafunguliwa. Safari akavua jaketi.

Mengine munajua, mulikula muchele ya harusi, na mumoja wenu alikula mara mbili. Ile karatasi njo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Ile munaonyesha batu mu telefone ni photo yake tu, yenyewe iko kwa Papa Bauma ku ukuta.

Wakati tulitoka, bengine balienda mbele kutafuta moto. Koko akanisindikiza mpaka mu njia, polepole, mukono ku bega yangu moja tu, ya kushoto. Pale njia inashuka akasimama, akatoa mu kitenge birai mbili bya moto, kila moja imefungwa mu jani ya ndizi na kipande ya fromage, ile jibini ya Masisi.

«Hii ni yako,» akasema. «Na hii ya mwenzako wa ku mugongo. Mutu hapitake kwetu bila kula.»

Nikashika na mikono mbili, nikasema asante, mara mbili.

Yangu nilikula mbele ya kufika Karuba. Sake ilikuwa bado mbali, mvua ikaanza, na njaa haikukuwa imeisha. Ile ingine niliifikisha mpaka nyumbani, imepoa. Bibi yangu akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, halafu akaiweka ku meza, akaifunika na sahani.